Mama Mkwe Juu ya Shimo la Kakakuona

Ithungu wa Bwera, kule mpakani, ni mama anayecheka akiwa na hofu. Nimepita kwake mara nyingi nikitoka ziwani Kahendero na samaki wangu. Safari hii alinimiminia chai akicheka, nikajua kuna jambo.

Kazi yake ni kuwatafutia watafiti kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejikunja kama mpira akishtuka. Wawindaji wamemmaliza. Watafiti hufunga kamera kwenye miti, zinazopiga picha zenyewe kitu kikipita, na katika mlima ule wote wamepata shimo moja tu lenye mnyama ndani. Moja!

Sasa kamera ikishafungwa, lazima ijaribiwe. Mtu anatambaa mbele yake kwa mikono na magoti, kama mnyama, mpaka taa ndogo iwake. Ithungu alikuwa anatambaa hivyo karibu na shimo hilo, matope mpaka viwikoni, aliposikia kengele za mbao. Kengele za mbwa wa kuwinda.

Kukimbia angeweza, lakini mbwa wangefika shimoni, na jembe lingefuata. Akarudi nyuma, akakalia mdomo wa shimo. Chini yake kitu kilikwaruza udongo, kisha kimya.

Mbwa wakamzunguka wakibweka. Kichakani mtu akasema, "Nyama iko hapa! Niliona inatambaa!"

"Mimi ni mutu!" Ithungu akapiga kelele.

Akatokea Hilaire, mchuuzi wa nyama ya porini kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, mkuki mkononi. "Eh, mama! Unatambaa mu pori kama nguruwe? Kidogo nikuchome. Toka hapo, tunachimba."

"Sitoki."

"Toka, ama nitakuvuta na muguu."

Nyuma yake akaja mtu wa pili, jembe begani. Alipomwona Ithungu alitupa jembe, akajifunika uso kwa koti na kugeukia mti. Alikuwa Nobert, mume wa Phionah, binti wa Ithungu. Pale kwao mkwe hamtazami mama mkwe wala kusema naye; hata njiani humpisha kwa mbali. Huyu amemkuta kwenye matope!

"Hilaire, rudi!" akauambia mti. "Ule ni mama mukwe wangu."

"Ni wako, si wangu."

"Ukimugusa, ni mimi nimemugusa. Nyumba yangu itavunjika leo leo. Mwambie simwoni."

"Mwambie wewe, iko hapa!"

"Siwezi kusema naye!"

"Hilaire," Ithungu akasema, "mwambie huyo wa koti nitalala hapa."

Hilaire akatema mate. "Sasa mimi nimekuwa telefone yenu?" Lakini akawaita mbwa. Nobert akamfuata akipapasa miti, koti usoni.

Ithungu alikaa mpaka kengele zikapotea. Kisha akaondoka akitambaa tena mbele ya kamera, mpaka taa ikawaka.

Baadaye Phionah alileta mbuzi, faini ya ile aibu. Mama akamrudisha pamoja na mbuzi wake. "Mbuzi sitaki. Mume wako alete zile kengele za mbwa wake." Maana bila kengele mbwa wanapotea msituni, hakuna kuwinda. Zikaja zimefungwa ndani ya kitenge.

Sasa zinaning'inia mlangoni pa jikoni. Tukiwa tunakunywa chai upepo ukazigusa. Ithungu akaruka, chai ikamwagika.

"Ni upepo, mama," nikamwambia.

"Najua, mzee. Lakini Hilaire atapata mbwa wengine, na shimo ameliona."

Akacheka, akavaa mabuti yake, akashika njia ya mlimani.