Samaki Aliyepinduliwa Ha Long

Thược alizaliwa juu ya chelezo, nyumba ya mbao inayoelea kwenye ghuba ya Ha Long, akaolewa juu ya chelezo, na nchi kavu aliikanyaga akienda sokoni au mazikoni tu. Hadithi ya ghuba aliijua kabla ya kujua kuogelea. Maadui walikuja na merikebu. Joka Mama akashuka na wanawe, akatema vito vya kijani, kila kito kikawa kisiwa, na merikebu zikavigonga zikapinduka. Ndiyo maana pale chelezoni neno "kupindua" halitamkwi. Joka akilisikia hachagui chombo cha adui wala cha mwenyeji. Hata samaki mezani hageuzwi; huliwa upande wa juu, ukatolewa mfupa, ndipo ukaliwa wa chini. Cheka ukipenda, lakini uchekee nchi kavu.

Siku ile upepo uligeuka ghafla. Mumewe, Khoái, na mwanawe, Vượng, walikuwa wametoka kuvua ngisi nje ya visiwa. Thược roho ilikuwa juu juu. Akapakua chakula ili mikono ipate kazi, akaketi na Diệp, mke wa Vượng, binti wa milimani aliyeolewa juzijuzi tu.

Diệp akamshika samaki kwa vijiti, akampindua.

Thược akaweka bakuli chini. "Umefanya nini wewe?"

"Mama, nimempindua tu, huku nyama imekwi—"

"Funga mdomo! Mumeo yuko baharini!"

Vijiti vikamdondoka Diệp. Mawimbi yalikuwa yakikipiga chelezo, na Thược akamchukia msichana yule kwa moyo wake wote. Alimkumbuka mke wa jirani aliyefukuzwa kwa kosa hilohilo, asipate hata chelezo kimoja cha kumpokea. Na huyu naye aende, aliwaza. Arudi kwao akapalilie mahindi.

Alasiri mashua ya majirani ikatokea kati ya visiwa, ikivuta chombo chao, tumbo juu. Diệp akapiga yowe, akajitupa majini na nguo zake, yeye asiyejua kuogelea hata chembe. Thược akamkamata nywele, akamvuta juu, akamkumbatia asiruke tena. Diệp bado alikuwa akimwita Vượng.

Mashua ikafika. Khoái alikuwamo, na Vượng pembeni yake, midomo myeusi kwa baridi. Wazima wote wawili.

Khoái akapanda chelezoni akifoka. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa.

"Chombo cha baba yangu kimeharibika! Nani kamgusa samaki vibaya humu ndani?"

Macho yote yakamgeukia mgeni. Diệp akafumbua mdomo.

"Mimi," Thược akadakia. "Uzee, mume wangu. Mkono umeteleza."

"Wewe? Miaka yote hii?"

"Mimi. Haya, nifukuze. Kwetu ni pale, chelezo cha pili. Nitupie mkeka wangu tu."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Khoái akanung'unika, kisha akaomba nguo kavu. Nyuma ya Thược, Diệp alikuwa ameng'ang'ania upindo wa nguo yake, na Thược hakuuondoa mkono ule.