Lusungu na Filamu ya Jela

Lusungu hutafsiri filamu za nje katika kibanda cha video pale Tunduma, karibu na maegesho ya malori. Lugha zenyewe hazijui hata chembe. Hutazama nyuso tu, akashika maiki na kuwapa wahusika maneno, na watu hufurahi.

Jumapili moja ilikuwa zamu ya filamu ya kijana mfungwa. Alianza kwa kuwafulia wenzake nguo, akaishia kuwa bosi wa gereza zima. Kibanda kikalipuka kwa miluzi. Lusungu hilo likamkera. Yeye aliwahi kufungwa kwa kuvusha magendo kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na huko ndani hakumwona bosi asiyelia amejifunika blanketi.

Mara mama wa yule kijana akatokea, ameketi nyuma ya kioo cha chumba cha wageni, anamtazama tu mwanawe.

"Umekula, mwanangu?" Lusungu akasema taratibu kwenye maiki.

Dereva mmoja akaangua kicheko. "Wee DJ, mbona huyo mama hajafungua mdomo?"

"Wangu alifungua!" Lusungu akafoka, maiki ingali mkononi. "Alinifuata gerezani kutoka Itaka na viazi vya kuchemsha, na hakuniuliza lingine."