Stroberi za Bi Tokie na Mwizi wa Makaburini

Kama unataka kuona ukaidi ukiwa umevaa gambuti, njoo kijijini kwetu Kuzuhara, kwenye milima ya Shikoku, mwezi wa tano, umtazame jirani yangu Tokie Murase akiwa amepiga magoti kwenye tuta lake la stroberi. Ni bibi mfupi, mgongo umepinda, na kofia yake ya shamba ni pana hata hujui kama chini yake kuna mtu. Mimi nalima vitunguu ng'ambo ya mfereji tangu nilipoolewa hapa, na nasema wazi kwamba sijaona mkulima wa kumfikia.

Kitunguu hakina maadui wengi. Stroberi inatakiwa na kila chenye mdomo. Tokie anawajua adui zake wote na kila mmoja amemwekea chake. Chini ya matunda hutandika mabua makavu ya mpunga, yasiguse udongo yakaoza. Konokono wasio na gamba amewazikia vikombe vya bia usawa wa ardhi. Wanaingia, wanalewa, wanazama. "Angalau wanakufa na raha zao," husema. Matunda yakiwa bado mabichi, hutawanya vijiwe alivyovipaka rangi nyekundu, na ndege waitwao shore wakishavidonoa mara mbili tatu wanaondoka wamenuna. Juu ya yote huweka wavu, umeinuliwa kwa pinde za mianzi, maana wavu ukilalia majani ndege hudonoa kupitia matundu. Wakati wa maua huufunua upande mmoja ili nyuki wapite, na mvua ikiwazuia nyuki, huchukua brashi laini akaifanya kazi yao mwenyewe, ua kwa ua.

Na yote hayo kwa ajili ya tunda asilolila! Anadai zile mbegu ndogo zinamkwama kwenye meno. Mlaji alikuwa mumewe, Yasuji, ambaye alileta miche ya kwanza kutoka kwao siku walipooana. Kila mwaka tunda la kwanza lilikuwa lake. Alilila palepale tutani, bila kuosha, bila sukari, akafumba macho kabisa, kisha akatangaza ili hata mimi nisikie: "Tamu! Za dukani hazioni ndani!" Tokie alijifanya hakusikia, na siku nzima alitembea kama aliyepewa cheo. Zilizobaki alitugawia majirani.

Yasuji alifariki mwaka juzi, mwezi wa tano, stroberi zikiwa mbivu. Tokie akaapa kwamba tunda la kwanza litabaki lake, na kila kumbukumbu ya kifo chake atampelekea kaburini. Lakini kumbukumbu ya mwaka jana ilipofika, hapakuwa na hata moja. Mwizi alipita chini ya wavu akazikomba zote. Mwaka huu zilipoanza tu kuwa nyekundu, asubuhi moja nikamkuta Tokie ameketi chini, ameshika vikonyo vitupu mkononi.

"Amerudi," akasema. "Fusae, nisikilize. Yasuji akikosa na mwaka huu, nang'oa kila mche. Napanda vitunguu kama wewe."

"Kwani vitunguu vimekosa nini?"

"Havijakosa kitu. Havina kitu."

Ningemjibu, lakini bado alikuwa ameshika vile vikonyo. Nikaenda kumwita Genzo.

Genzo ndiye mtegaji wa kijiji, tena alikuwa rafiki wa marehemu. Alikuja akitafuna kijiti, akainama, akatazama nyayo kwenye udongo mbichi.

"Ngawa huyu, shemeji. Mwili kama wa paka, anapenya hata tundu la ngumi."

"Mtege basi! Umekuja kumpiga picha?"

"Nitamtega. Ila nashangaa kitu kimoja. Ngawa wa huku wanakula matunda ya porini na mahindi. Huyu kapita mahindi machanga ya Fusae, pembeni ya vitunguu, kama hayaoni, kaja moja kwa moja kwako. Stroberi kafundishwa na nani?"

Tukafuata nyayo. Zilivuka njia, zikapanda kilima nyuma ya shamba, zikaingia makaburini, zikatufikisha mbele ya jiwe la Yasuji. Pale kwenye sahani ndogo kulikuwa na vikonyo vya stroberi, vimetafunwa safi. Juu yake, kwenye nguzo, kile kibao cha hekalu ambacho sote tunakipita bila kukisoma: baada ya kuomba, tafadhali rudi na vyakula nyumbani.

Kila mwezi, tarehe aliyofariki mumewe, Tokie hupanda kilimani. Misimu yote miwili ya baridi, stroberi zinazolimwa kwenye nyumba za plastiki zikiwa dukani, alimnunulia zilizo kubwa, akamwachia. Sisi wengine tunangoja kijiti cha ubani kiishe, tunashusha chakula, tunakila. Yeye hakuweza.

"Tokie," nikasema polepole, "ni wewe uliyemfuga."

Genzo akageuka akatazama bonde. Tokie akabaki ameikodolea macho ile sahani.

"Nilikuwa nikija naikuta tupu," akasema. "Najua marehemu hali, msinione mjinga. Lakini ilikuwa tupu kila mara. Alikuwa halazi chakula, unamkumbuka? Mimi nikawa nafurahi."

Nilimshika mkono, tukashuka.

Mtu mwingine angelala kitandani wiki nzima. Tokie aliosha ile sahani, akafunga kiunoni aproni yake ya kazi, iliyochakaa ikabaki kitambaa tu, akaanza upya. Alichimba mfereji mwembamba kuzunguka tuta, akafukia ukingo wa wavu, akaukandamiza kwa matofali. Genzo, badala ya mtego, akamfungia nyaya za umeme mbili za chini, kimo cha pua ya ngawa. Siku ya pili tulikuta manyoya kidogo kwenye waya, na baada ya hapo hatukuona nyayo tena. Matunda yaliyokuwa bado mabichi yakawa mekundu taratibu. Nilijikuta nayachungulia kila asubuhi kuliko vitunguu vyangu.

Siku ya kumbukumbu tulipanda kilimani wawili. Tokie alipanga stroberi kwenye sahani, ndogo, zenye umbo la ovyo, nyekundu kabisa. Akawasha ubani, akakutanisha viganja.

"Haya, mzee, kula. Na ufanye haraka, safari hii sikuachii. Una rafiki yako mwenye mkia anangoja huko msituni."

Ubani ukaisha. Akashusha sahani, akanisogezea.

"Anza wewe," nikasema. "Ni za mumeo."

"Mbegu..."

"Mbegu zitakuua leo? Utazitupa stroberi hizi, au umwachie ngawa?"

Akachagua moja, akaitia mdomoni nzima, akatafuna.

Macho yakajifumba yenyewe. Uso mzima ukakunjamana, mabega yakapanda mpaka masikioni.

"Fusae," akasema alipoweza kusema. "Ni chachu."

Nikatazama mawingu.

"Chachu kama siki! Miaka yote ile anafumba macho, mimi nadhani..." Akanigeukia. "Na wewe? Nimekupa bakuli kila mwaka!"

"Mimi huzipondaponda na maziwa, dada. Na sukari."

"Sukari kiasi gani?"

"Nyingi."

Alicheka hadi akashika jiwe la kaburi asianguke, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na hakuondoa mkono pale kwenye jiwe. "Mwongo we," alimwambia mumewe. "Mwongo mkubwa we." Kisha akala ya pili, na ya tatu, bila sukari, akifumba macho kila mara, mpaka sahani ikawa tupu.

Njiani tukirudi nikamuuliza kama nimletee miche ya vitunguu. Akanitazama kana kwamba nimemtukana, akaharakisha kushuka, kwa sababu shore walikuwa wameanza kulia bondeni na wavu ulikuwa umebaki wazi upande mmoja.