Suruali ya Kuogelea Yenye Mifuko

Nitawapeleka kwenye fukwe tatu za ziwa letu huku kaskazini, ila mtakwenda kwa mwendo wa magoti ya shemeji yangu, na magoti hayo yalikuwa mabovu. Kwa hiyo msinihimize.

Shemeji ni fundi cherehani, mume wa mdogo wangu. Duka lake ni chumba kimoja kwenye barabara inayoteremka ziwani: cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, pasi ya mkaa, na kioo kinachomnenepesha kila anayejitazama, ndiyo maana vitambaa vyake vilikuwa vinaisha haraka. Nusu ya watu wanaooga ziwani wamevaa nguo alizoshona yeye. Yeye mwenyewe? Alikuwa hajawahi kulowesha zaidi ya uso. Kinyozi hajinyoi.

Basi magoti yakagoma. Mguu ukawa haukanyagi, na cherehani ikanyamaza. Daktari akamwambia, "Mzee, ingia ziwani maji yakufike kiunoni, utembee humo kila siku. Usipofanya hivyo, hiyo cherehani itafutie mwenyewe mwingine."

Mdogo wangu akasema wanunue ya umeme.

"Ya umeme inashona yenyewe," shemeji akajibu. "Mimi nitakaa pale kama abiria?"

"Basi ingia majini."

"Nivue nguo mbele ya watu niliowapima viuno? Mimi najua vyao, wao hawajui changu. Heshima ya fundi iko hapo."

"Mficha uchi hazai, mume wangu."

"Nimeshazaa. Inatosha."

Lakini ile cherehani iliyonyamaza ilimuuma kuliko magoti. Akakaa chini, akajishonea suruali fupi ya kuogelea, kwa mkono, sindano baada ya sindano. Na kwa kuwa hakuwa tayari kuvaa kitambaa cha ovyo, aliishona kwa kitambaa cha suti. Ilikuwa na bitana, imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata kidole, na mifuko mitatu yenye kina cha kisima.

"Shemeji, mifuko ya nini majini?" nikamuuliza.

"Dada, mwanamume asiye na mifuko anaweka wapi mikono?"

Tukaanza na ufukwe wa kokoto, chini ya mnara wa taa. Nendeni asubuhi, jua likiwa limeshayapasha mawe. Ni meupe na ya mviringo. Kuku wangu aliwahi kulalia moja majuma matatu. Halikuanguliwa, lakini mpaka leo linamfuata. Kwa magoti mabovu, hata hivyo, hapafai. Shemeji alikanyaga kama jogoo kwenye majivu ya moto, akarudi na viatu mkononi.

Kesho yake tukaenda ufukwe mrefu wa mchanga. Huo ndio wa watoto na wazee: unaingia, unaingia, na maji bado yako magotini. Yupo bwana mmoja aliyeenda kutafuta kina, akatokea ng'ambo, akaoa huko huko. Tatizo ni kwamba watu wote wa mjini wako pale.

"Fundi! Mkanda huu umeachia!"

"Fundi, hebu niangalie hapa nyuma!"

Shemeji akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaketi mchangani. Jua likazama bado anashona viraka vya watu. Hakulowa hata ukucha.

"Umefurahi sasa?" mdogo wangu akamwambia njiani. Shemeji alikuwa ameshika ukuta wa nyumba za watu, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Hapo hata mimi utani ulinikauka mdomoni.

Ndipo nikawapeleka kwenye ufukwe wangu, ule wa nyuma ya mwamba. Unapita katikati ya matete, unainama chini ya jiwe, na mbele yako pana ghuba ndogo isiyo na mtu. Maji yake yametulia hivi kwamba nilichungulia nikamsalimia mama yangu, kumbe ni mimi. Na baridi yake! Nimemsikia samaki wa pale anakohoa.

Tulimpa mgongo. Tukasikia anaingia huku anaguna. Kisha:

"Mke wangu! Usigeuke! Dada, nawe usigeuke!"

"Kuna nini?"

"Mifuko imejaa!"

Kitambaa cha suti kikinywa maji kinakuwa kizito kama ng'ombe, na ile mifuko ilikuwa imechota ziwa zima. Kifungo kikaruka. Suruali ikazama na bitana yake na mkunjo wake. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga; siku ile hata kuvua hakuvua, zilijivua zenyewe.

"Nileteeni taulo!"

"Liko nyumbani," mdogo wangu akasema, na mkoba ameukumbatia kwapani. Mimi niliona ncha ya taulo.

Tukakaa nyuma ya jiwe, tukachambua habari za majirani wote wa upande wetu wa barabara, kisha wa upande wa pili. Kule majini, baridi haimruhusu mtu kusimama. Tulisikia chubwi, chubwi, anakwenda mpaka kwenye matete, anarudi mpaka kwenye mwamba. Mwishowe mdogo wangu akamhurumia, akapaza sauti, "Taulo limefika!"

"Liweke hapo," akajibu kutoka mbali. "Ngojeni kwanza. Goti la kushoto limeanza kukunjika."

Sasa cherehani inalia mpaka mlangoni kwangu. Ameshona suruali nyingine, ya kitambaa chepesi. Mifuko hakuiacha, ila chini ameiwekea wavu maji yapite. Na ghuba yangu ameniachia. Ukipita ule ufukwe mrefu asubuhi, ukamwona mzee anatembea ndani ya maji, mikono mfukoni kama anayengoja basi, wateja wanamwita na yeye anawajibu, "Njooni dukani, saa hizi niko kazini," basi msalimie. Ndiye huyo.