Sifuri Sebuleni

Siku niliyotoka eda walinikogesha asubuhi, wakanivika nguo mpya, wakanipitisha kwenye pazia la chumbani kwenda sebuleni. Nilikuwa natembelea gongo moja. Sikumwangalia mtu, niliangalia tangi la samaki. Matumbawe yote yalikuwa meupe kama mfupa, na juu yake utelezi wa kahawia unaning'inia kama kamasi, na vipovu vya hewa vimenasa ndani. Maji yenyewe yalikuwa safi. Sijawahi kuona maji safi vile. Samaki mmoja tu ndiye alikuwa anazunguka, tumbo limeingia ndani.

Mama mkwe akasema, "Kaa, uletewe chai."

Nikakaa, nikanywa. Sukari ilikuwa nyingi. Sikulia, na watu wakadhani nimejaliwa subira.

Tangi lilikuwa la mume wangu. Alikuwa fundi wa mafriji hapa Temeke. Kuna nyumba ya Masaki alikuwa anawatengenezea viyoyozi, wenyewe walipohama nchi wakamwachia tangi lote la maji ya bahari, na taa zake, samaki sita na matumbawe. Ndugu zake walicheka mpaka wakachoka. Akafunga betri kwa ajili ya umeme ukikatika, likaishi kwetu miaka saba.

Mwanzoni na yeye nusura aliue. Alisafisha mno, matumbawe yakaanza kupauka. Akahangaika kwenye simu kuuliza watu wa mbali mpaka akaelewa. Akaniita. "Mke wangu, haya si mawe na si maua. Ni wanyama, wana vinywa. Tumewanyima chakula." Akanieleza kwamba samaki akila akanya, kile kinyesi kinayeyuka kinakuwa riziki ya matumbawe. Maji yakiwa hayana kitu kabisa, matumbawe yanakufa njaa, na ule utelezi wa kahawia, ambao hauijali njaa, unatandaza mkeka.

Mie niliishia darasa la tano, namba za vipimo zinanichanganya. Akanifundisha kwa rangi. Kipimo cha naitreti, yaani cha hicho kinyesi kilichoyeyuka, unatia maji kwenye kichupa, unadondoshea dawa, unatikisa, unangoja. Kikibaki bila rangi, hatari. Kikiwa pinki ya kanga iliyofuliwa sana, sawa. Kikiwa kama juisi ya rozela, tumezidisha, tubadilishe maji. Cha fosfeti, riziki yao nyingine, kilikuwa buluu, na tulitaka buluu ile ambayo huna uhakika kama umeiona. Mie ndiye nilikuwaga mpimaji, kila Ijumaa.

"Haya daktari, mgonjwa anasemaje?"

"Anataka kula."

"Kama daktari wake."

Siku ya ajali tulikuwa tunatoka Kigamboni na bajaji, madumu ya maji ya bahari yamejaa nyuma. Lori la mchanga likahama njia likatuvaa. Dereva wake akakimbia, na mpaka leo hajaonekana. Yeye ndiye wa kwanza ninayemdai jibu, ila simjui sura. Mume wangu alifia palepale, mie nyonga ikavunjika. Nakumbuka maji yakimwagika barabarani na mtu akiuliza kama ni petroli.

Eda niliianza nikiwa kitandani. Miezi minne na siku kumi chumbani, nisionane na wanaume wasio maharimu. Shemeji, mdogo wake marehemu, akahamia kwetu na mama yao, akawa analala sebuleni. Yeye kamaliza fomu foo, anajua kusoma maelekezo. Nikamwambia kupitia pazia, "Shemeji, samaki wale mara mbili kwa siku. Na ile mashine ya povu usiifungulie sana, inachuja maji mpaka inanyonya chakula cha matumbawe."

"Sawa shemeji, we pumzika."

Arobaini ilipokaribia, mama mkwe akaanza usafi. Kuta zikapakwa rangi, mapazia yakafuliwa, mazulia yakaanikwa. Akasema watu hawawezi kusoma hitima mbele ya beseni la mavi ya samaki. Shemeji akaenda kwenye duka la samaki wa mapambo, huko Mwenge, akarudi na mfuko wa chembechembe za kunyonya uchafu. Samaki watano akampa rafiki yake. Mashine akaifungulia mpaka mwisho. Nikiwa kitandani nilisikia mlio umebadilika.

Kesho yake akapima, jamaa zao wamejaa sebuleni.

"Shemeji, naitreti sifuri. Fosfeti sifuri. Kaka hakuwahi kufika hapa."

"Rudisha samaki, shemeji. Sifuri ni njaa."

"Njaa ya nani, ya mawe?" Akawageukia jamaa. "Shemeji, shule uliikimbia kwa sababu ya sifuri, na hapa nako unaikimbia?"

Sebule nzima ikacheka. Nikapaza sauti, nikasema yalisheni, zimeni hiyo mashine. Mama mkwe akaingia, akafunga mlango.

"Mjane hapigi kelele wanaume wakamsikia. Mwanangu kafia maji haya haya ya chumvi. Unataka nini tena?"

Nikavuta shuka. Yeye kazaa, na mie ndiye niliyepona.

Siku ya hitima nilisikia wageni wakilisifia tangi. Mmoja alisema maji ni kama hayapo.

Baada ya hapo kila niliyemuuliza habari za matumbawe alinijibu, "Yapo." Mwezi wa nne wa eda nilikuwa naweza kusimama. Shemeji alikuwa anatoka asubuhi kwenda kazini, sebule inabaki tupu, na hakuna sheria iliyonizuia kufungua mlango nikaangalia. Sikwenda. Nililala naangalia dari. Hilo ni kosa langu, naliandika, isije ikasemwa nimetaja wengine tu.

Sasa mashine nimeizima. Zile chembechembe nimezitupa. Yule samaki mmoja namlisha kamba wa kusaga mara tatu kwa siku, na kichupa kimeanza kuonyesha pinki kwa mbali. Pembeni ya tumbawe moja kuna doa la ukubwa wa kifungo, bado lina rangi. Silifurahii. Nalilisha tu.

Wiki iliyopita ukoo ulikaa kikao kuzungumzia vitu vya marehemu. Shemeji akasimama, shati kapiga pasi, akasema tangi limekufa kwa sababu mwenyewe kafa, na mjane kalala miezi minne bila hata kuuliza. Bila hata kuuliza. Wazee wakatikisa vichwa, wakanipa pole. Wakakubaliana tangi liondolewe, kwa kuwa mie siwezi kulitunza.

Pole sizitaki, na tangi haliondoki. Sauti yangu siku ile ilifika, ndiyo maana walicheka, na waliocheka wako hai, wanakaa mitaa hii hii. Shemeji, kikao kingine ni Jumapili. Njoo, ukae mbele ya mama yako na hao waliocheka. Swali langu ni moja. Nilipokwambia sifuri ni njaa, hukunisikia, au ulinisikia ukaona mwanamke wa darasa la tano hana anachojua? Jibu kwa mdomo wako, nikiwepo.