Mkono Chini ya Nyundo

Katika karakana ya mfalme ya kupigia sarafu kule Aleksandria, Harmais ndiye aliyepiga nyundo. Mimi niliweka kipande cha shaba cha moto juu ya fuawe, mshikaji akasimamisha mhuri wa tai juu yake, Harmais akashusha nyundo. Mshikaji wetu alikufa kwa homa, na msimamizi, Mgiriki aitwaye Nikanori, akatuletea Onnofri.

Sote tulijua kuwa Onnofri alikuwa amemvunja mkewe mkono na kumfukuza. Mke huyo, Tamonis, alikuwa dada yake Harmais, na sasa alikaa kwa kaka yake, mkono umeunga vibaya.

“Polepole, shemeji,” Onnofri alisema siku ya kwanza, akicheka. “Mkono huu ndio uliomlisha dada yako.”

“Ndio uliomvunja,” Harmais akajibu. “Shika mhuri.”

Akapiga. Pigo lilikuwa safi, kama yote yaliyofuata. Lakini kabla ya kila pigo alimkodolea macho Onnofri, wala hakutazama shaba.

Siku ya nne Onnofri akaanza kushtuka. Nyundo ikiinuka, kiganja kinaloa jasho na mhuri unateleza. Sarafu zikatoka na ndege wawili waliolaliana.

Nikanori akaja na moja mkononi. “Nimeagiza tai mmoja. Hii ni nini, banda la kuku?”

“Huyu anataka kuniponda mkono, bwana.”

“Amekupiga?”

“Bado.”

“Basi shika.”

Alishika siku mbili zaidi. Ya tatu aliuachia mhuri nyundo ikiwa bado hewani, akakimbilia mlangoni. Tulimcheka waziwazi, mimi zaidi ya wote. Nikanori akamtupa kwenye makaa, abebe vikapu pamoja na watumwa. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ametoroka kupanda mto.

Jioni ya siku ile alipouachia mhuri nilimsindikiza Harmais kwake, maana nilitaka kuona furaha ya Tamonis. Alikuwa akimenya vitunguu kwa mkono mmoja. Kaka yake akamweleza yote.

“Mkono wake umevunjika?” akauliza.

“Hapana.”

“Ulikuwa chini ya nyundo yako siku ngapi?”

Harmais akaketi mezani.

“Basi usiniambie umenilipizia kisasi,” akasema. “Umejifurahisha tu.”

Akatupa bakuli la dengu mezani. Tulikula bila kutazamana, na tangu siku hiyo sikukaribishwa tena.