Moto wa Kuomba

Watu wa siku hizi nikiwaambia tulikuwa tunaombana moto, wananicheka. Candide, huyu binti aliyeolewa majuzi akaletwa kwenye parseli yetu, aliniuliza bila haya: "Mama, mutu anaomba moto, hana kiberiti?" Nikamwambia kaa chini mwanangu, kiberiti kinawasha, hakipiki.

Parseli yetu iko mtaa wa Bwiza: geti moja, vyumba vimezunguka ua, bomba la maji katikati. Mi naitwa Nsimire. Nilikuja kutoka Bukavu nikiwa msichana, na cherehani yangu, na mtu wa kwanza kunisemesha hapa alikuwa Mama Ilias. Jina lake Kudra, ila tangu azae huyo Ilias wake hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mumewe, marehemu Massoudi, fundi wa magari. Asubuhi yangu ya kwanza nilikuwa nimechutama uani napuliza makaa mpaka machozi yananitoka, naye amesimama mlangoni kwake ananitazama tu. Mwisho akachoka.

"We mutoto, unataka kupasua mapafu? Leta kigae."

Sikujua kigae cha nini. Akaokota mwenyewe kipande cha chungu kilichovunjika, akachota makaa mekundu kwenye mbabula yake, hilo jiko letu la makaa, akayamwaga kwenye langu. Kabla hajarudi mlangoni kwake, langu lilikuwa limeshika.

Ndivyo tulivyoishi. Mama Ilias aliamka na adhana ya alfajiri, akaswali, akawasha mbabula yake katikati ya ua, na ikishakolea tunatoka mmoja mmoja na vigae vyetu. Kuwasha ndiko kunakokula makaa, mpishi yeyote anajua hilo. Jiko likishawaka linawaka, upike usipike. Kwa hiyo mmoja akiwasha, wote tunapika, na ukimaliza kupika huuzimi moto. Unaita: nani hajachemsha maji, nani ana viazi vya kufukia kwenye majivu. Maharage ya ua mzima yaliiva kwa moto wa masalio, na mpaka leo sijala maharage kama yale. Kumwagia maji moto ambao bado una nguvu ulikuwa uchoyo wa kusemwa, na Mama Ilias alikuwa anajua kusema mtu.

Na moto ulikuwa unatuangalia. Mpangaji mwenzetu wa chumba cha pembeni, Népomuscène, karani wa serikali, mtu wa aibu zake, alikuwa anaomba moto kama anayeomba kazi: koti amevaa, kigae mkononi, "s'il vous plaît, Mama," tafadhali ya Kifaransa cha ofisini. Asubuhi moja sote tumeshachukua, Mama Ilias bado amesimama na koleo lake. "Nepo hajaja," akasema. Tukamwambia labda kalala nje, ni kijana. "Apana. Nepo apana mutu wa kulala nje." Akaenda kugonga, akagonga tena, akamwita Massoudi avunje kitasa. Kijana wa watu alikuwa amelala malaria imempanda kichwani, hajui hata jina lake. Massoudi akambeba kwenye gari la mteja. Népomuscène yupo mpaka leo, amestaafu, ananuna kila siku, na kila nikimwona ananuna nafurahi.

Kitu kimoja kuhusu Mama Ilias: yeye hakuomba moto. Kutoa, alitoa kila siku ya Mungu. Kuomba, kamwe. Hata ile asubuhi tuliyoamka na msiba wa Massoudi, watu wamejaa uani, tunamwambia kaa, sisi tupo, alijifunga kanga kiunoni akawasha mwenyewe. Ulikuwa ujeuri wake, na tulimpenda nao.

Sasa haya ya sasa mnayajua. Mafuta yakaadimika mjini, malori yanayoteremsha makaa kutoka milimani yakalala barabarani, na gunia la makaa likapanda bei mpaka watu wakaacha kuuliza. Tukaanza kununua kwa kopo, kama sukari. Umeme nao una siku zake, na siku ukija unamwogopa atakayekuja kudai bili. Basi kila mtu akaingiza mbabula yake ndani. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyegombana na mwenzake. Unapika nyuma ya pazia, mlango umefunga, unakohoa moshi wako peke yako, ili asije mtu na kigae. Mi pia, nisijifanye malaika. Ukichukua moto leo, kesho ni zamu yako kutoa, na kesho huna. Vigae vyenyewe sijui viliishia wapi. Ua ukawa wa kuanika nguo tu, na mi nilikuwa nakaa kwenye cherehani yangu nautazama, naona kiza mchana.

Mama Ilias peke yake aliendelea kuwasha uani. Anawasha, anasimama na koleo, hakuna mlango unaofunguka. Baadaye akawa anawasha siku moja, siku mbili anakula mkate na chai baridi. Alikonda. Bangili zake zikawa zinateleza mpaka kwenye kiwiko.

Ilias akaona. Huyu Ilias nimemshonea kaptula za shule, leo ni mtu wa ofisi huko Kigobe, ana nyumba Mutanga Sud, mtaa wa wenye nazo, ana mke mzuri. Zamani kila Ijumaa baada ya swala gari lake lilikuwa getini. Halafu gari likalala nyumbani kwa kukosa petroli, na ziara za Ilias zikawa za kubahatisha. Siku aliyokuja akamkuta mama yake na zile bangili, aligeuka akaondoka. Aliporudi tena alikuja kwa miguu, anasukuma baiskeli ya kukodi, nyuma imefungwa chupa ndogo ya gesi na jiko jipya la kung'aa. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka viatu. Ua mzima ulichungulia.

Alimwonyesha namna ya kuwasha, kuongeza, kupunguza. Halafu akakaa kwenye kigoda, nami nikiwa nimeletwa kama shahidi, akasema: "Mama, mi siwezi tena kukufikia kama zamani. Naamka nawaza kama umekula. Chupa hii ikikufikisha Ramadhani, baki hapa, nitakutafutia nyingine. Ikikushinda, chumba tunakirudisha kwa mwenye nyumba, unakuja kwangu. Nimesema."

"Kwako nitafanya nini?"

"Utapumzika."

"Kule mageti yamefungwa, kila mutu na ukuta wake. Siku nikikosa kuamka, nani atajua?"

"Mi nitajua, mama. Si tutakuwa nyumba moja?"

"We unatoka na alfajiri, unarudi jua limezama," akasema Mama Ilias. Lakini akakubali lile sharti. Nami nilikubali moyoni pamoja naye, maana huu ua bila yeye ni kituo cha basi tu, watu wanapita.

Basi gesi ikaanza kazi, na sisi majirani tukaanza midomo. Mama Ilias sasa ni bibi wa kizungu. Mama Ilias hashiki tena makaa. Kila tukipita, mlango wake uko wazi pazia limefungwa fundo, yeye kakaa kwenye mkeka karibu na kizingiti, ametazama uani. Candide akasema anapunga upepo. Mi nikasema anatuonyesha jiko. Jamani, mdomo huu.

Gesi hiyo haikuona Ijumaa ya pili, Ramadhani bado iko mbali. Asubuhi ya Jumamosi maharage yake yakiwa yamefika katikati, moto ukapiga chafya, ukafa. Na siku hiyohiyo, kama aliyeitwa, Ilias akaingia getini.

Nilisikia yote, maana ukuta wetu ni mmoja. Kwanza alidhani chupa inavuja. Akaigeuza, akainusa, akasema apana. "Mama, ulipika nini? Ulipikia harusi?"

"Maharage. Wali. Chai yangu."

"Ulikuwa unaizima?"

Nikasikia anafunika sufuria.

"Mama. Ukimaliza kupika, ulikuwa unaizima?"

"Nilikuwa napunguza," akasema Mama Ilias. "Inakuwa kadogo, kama taa ya kibatari. Usiku nilizima."

"Kutwa nzima inawaka?"

"Moto umeshashika, Ilias, niuzimeje? Kuwasha tena si ndiyo hasara? Na nikizima, mutu akija kuomba nitampa nini?"

Niliacha kukoroga chungu changu. Yaani mwanamke huyu alikaa kwenye kile kizingiti kuanzia adhana mpaka giza, mlango wazi, ametega moto wake mdogo wa buluu, akitusubiri. Na sisi tunamteta. Gesi haina moshi, haina harufu, nani angejua? Na hata tungejua, nani alishawahi kusikia gesi inaombwa kwa kigae?

"Nani alikuja, mama?" Ilias akauliza, na sauti yake sasa imeshuka.

"Hakuja mutu."

Ilias hakugomba. Ningependa angegomba. Nilisikia kabati linafunguliwa, kanga zinakunjwa, begi linavutwa kutoka chini ya kitanda. Alikuwa anamwambia taratibu, kama unavyomsemesha mgonjwa, kwamba atamwandalia chumba cha upande wa jua, kwamba wajukuu watafurahi, kwamba mkeka wa kuswalia waubebe leo, vyombo vitafuata.

"Maharage yangu bado," akasema Mama Ilias.

"Yatamalizikia kwangu."

"Yakipoa katikati hayaivi tena. Yatakuwa mawe. We umekula ya kwangu tangu huna meno, unajua."

"Mama, ni maharage."

Nami nilikuwa nyuma ya pazia langu, mlango nimeufunga, mbabula yangu inawaka chini ya mboga ya lengalenga, sijui nitoke niseme nini. Nitamwambia asiende? Kwa moto gani? Nililia, niseme ukweli. Nililia nikiwa nimeziba mdomo na upindo wa kanga wasinisikie.

Kisha nikasikia sandali zake. Nazijua, zinaburura upande wa kushoto. Hazikwenda getini. Zilishuka uani polepole, zikafika bomba, zikageuka, zikasimama mlangoni kwangu. Akagonga.

Nilifungua, na moshi wangu wa uchoyo ukatoka pamoja nami. Mama Ilias alikuwa amesimama, mkono ameunyosha, na mkononi kigae. Kilekile, cheusi, cha asubuhi yangu ya kwanza. Sijui alikuwa amekihifadhi wapi miaka yote hiyo. Nyuma yake Ilias, begi mkononi. Dirisha la Népomuscène lilikuwa limefunguka kidogo.

Alianza, akakatiza, akaanza tena.

"Nsimire," akasema, "naomba moto."

Nimezika mume wake pamoja naye. Nimezaa mikononi mwake. Neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na nilivyomwona pale, mtu mzima, jeuri ile yote, amenyosha mkono mbele ya mwanawe kwa ajili ya kubaki na sisi, nilitaka ardhi inimeze mimi kwanza na ua mzima unifuate. Niliingia ndani, nikaepua chungu changu, nikachukua koleo. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea ubahili: nikachota kaa moja, nikaliweka juu ya kigae.

Akalitazama. Akanitazama na mimi.

"Hilo dogo," akasema. "Mi nilikuwa nakupa makubwa."

Basi nikaishika mbabula yenyewe kwa masikio yake, na moto wake wote, nikatoka nayo. Nikaiweka katikati ya ua, pale palepale pa zamani, pana alama nyeusi mpaka leo kwenye sementi. Mama Ilias akachutama akaanza kuyapanga makaa upya, ananung'unika kwamba tangu lini nimesahau kupanga jiko.

Ilias alisimama anatuangalia. Halafu akaliweka begi chini, akaingia ndani kumletea mama yake sufuria ya maharage.